Presha ya Mama na mpira wa ndani ya tanki

Mwezi wa pili mwaka jana niliitwa kwenye fleti moja Kileleshwa. Keateka, yaani mtunza jengo, alikuwa ameniambia kwa simu kwamba maji "yanaruka". Nilipofungua mfereji wa jikoni ghorofa ya nne nikaelewa: yanatoka kwa kasi, yanalegea, yanatoka kwa kasi tena, na kila yakirudi bomba linagonga ndani ya ukuta. Nikateremka hadi chini kwenye pampu. Sindano ya geji ilikuwa ikipanda hadi 4, ikianguka hadi karibu 1, ikipanda tena, haitulii. Pampu nzima. Hakuna panapovuja. Nikasogea kwenye tanki la presha, lile dogo jekundu, nikabonyeza valvu yake, ambayo ni sawa na ya gurudumu la baiskeli. Ilipaswa kutoa hewa. Yakatoka maji, yakanilowesha mkono mpaka kwenye kiwiko. Mpira wa ndani ulikuwa umepasuka.

Kwa asiyefanya kazi hii, nieleze. Lile tanki si la kuwekea maji ya kunywa wala ya kuoga. Ndani yake kuna mfuko wa mpira, na nje ya mpira kuna hewa. Pampu ikisukuma, mpira unajaa na kutanuka. Pampu ikinyamaza, hewa inaubana mpira na maji yanaendelea kutoka taratibu, hata mtu wa juu hajui kama pampu imezimika. Mpira ukipasuka, hakuna wa kupokea kishindo. Pampu ikisukuma presha inaruka juu, ikinyamaza inaporomoka. Sindano inacheza mwendo mrefu kwenda na kurudi.

Wiki hiyohiyo, siku ya Alhamisi, nilikuwa nimeketi kliniki na Mama nikitazama namba nyingine. 172 kwa 74.

Mimi ni plamba. Nimefunga na kufungua mabomba ya Nairobi kwa miaka 22, na neno presha liko mdomoni mwangu kutwa nzima. Presha ya kanju, yaani ya maji ya jiji, haifiki ghorofa ya tatu, presha ya pampu imezidi, punguza presha utapasua joinsi. Sikuwahi kufikiria kwamba neno lile ambalo Mama amekuwa akilisema tangu 2014, "nina presha", ni neno langu la kazini kwa maana ileile. Mtaani kwetu Umoja presha ni ugonjwa wa mawazo. Mtu akipata habari mbaya, presha imepanda. Mtoto akikosa karo, presha. Kumbe ni jambo la bomba, ukuta na pampu, na ninalotaka kuandika leo ni la ukuta, kwa sababu karibu kila mtu anazungumzia pampu.

Mama ana miaka 68. Aliuza nyanya na vitunguu Marikiti tangu mimi nikiwa darasa la pili mpaka mikono ilipokataa. Mikono ilianza kukataa miaka mitano iliyopita. Kwanza kidole cha kati cha mkono wa kulia, kisha vyote, kisha vifundo vya mikono miwili kwa pamoja. Akiamka saa kumi na mbili hawezi kufungua kifuniko cha thamosi. Hushika kikombe kwa viganja viwili kama anayepokea maji ya kunawa. Ikifika saa nne hivi vidole vinalegea, anaweza kukunja shuka. Sisi tulisema ni baridi yabisi, na kwa sababu kila mzee tunayemjua ana baridi yabisi, tukaishia hapo.

Kwenye kliniki aliyokuwa akienda (siitaji, maana sidhani kama ni mbaya kuliko nyingine) kila mwezi walimpima presha, wakaandika kwenye kitabu, na ikiwa juu wakaongeza dawa. Alianza na losartani. Baadaye wakaongeza haidroklorothiazidi, ile ya kupunguza maji mwilini. Namba ya juu haikushuka. Kwa miaka miwili mizima hakuna aliyemshika vidole. Kila mara Mama alinituliza kwa maneno yaleyale njiani kurudi: "Baba, hiyo ya chini si iko sawa? Ni ya juu tu inasumbua." Na mimi nilikubali, kwa sababu 74 ilionekana kweli ni namba ya mtu mzima wa afya.

Ile Alhamisi tulikuwa tumekwenda kwingine. Daktari alikuwa msichana mdogo, mdogo kwangu kwa mbali, na kabla ya kufungua kitabu alichukua mikono yote miwili ya Mama akaiweka juu ya meza. Akagusa vifundo kwa mgongo wa mkono wake, kimoja kimoja, kama mtu anayepima kama pasi imepata moto. Akauliza asubuhi vinakaa muda gani kabla ya kulegea. Mama akasema mpaka saa nne. Akauliza anatumia dawa gani ya maumivu. Mama akafungua leso, akatoa pakiti mbili za diklofenaki zilizobaki nusu, akaziweka mezani karibu na mashine ya presha.

Daktari akazitazama kwa muda. Kisha akaniambia, "Kaka, nitolee 74 kwenye 172."

98.

"Ya kijana ni kama 40," akasema. "Kwa umri wa Mama, ikifika 60 na kupita, tunaanza kuuliza mishipa yenyewe ikoje."

Nikamwona yule keateka wa Kileleshwa, nikaiona ile sindano. Nikamwambia daktari nilichokuta Jumatatu kwenye tanki. Hakucheka. Alisema ndivyo ilivyo, kwamba mshipa mkuu unaotoka moyoni, aota, ndiyo mpira wa tanki letu. Moyo ukipiga, aota inatanuka na kuhifadhi sehemu kubwa ya damu ya pigo hilo. Moyo ukipumzika, aota inajirudi na kuisukuma damu hiyo iendelee. Ndiyo maana tuna namba mbili na si namba moja na sifuri. Aota ikikakamaa, haitanuki, kwa hiyo ya juu inaruka. Na kwa kuwa haikutanuka, haina cha kurudisha moyo unapopumzika, kwa hiyo ya chini inaporomoka. Ile 74 tuliyokuwa tukiifurahia miaka miwili ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Nilirudi nyumbani nikasoma kwa miezi. Nimekuta kwamba wazo hili halikuanza kwa daktari wetu wala kwangu. Mwingereza Stephen Hales, kasisi aliyekuwa wa kwanza kupima presha ya damu kwa kuingiza bomba kwenye mshipa wa farasi, aliandika mwaka 1733 kwamba mishipa inafanya kazi kama chumba cha hewa kwenye mashine za kuzimia moto za wakati wake. Mjerumani Otto Frank aliligeuza kuwa hesabu mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika kwenye kinamasi hiki na Nairobi ikaanza kama kambi. Mpaka leo madaktari hutumia neno lake la Kijerumani, Windkessel, lenye maana ya chumba cha hewa. Yaani tanki langu jekundu.

Kuna jambo lingine ambalo plamba analijua kwa masikio. Ukifunga valvu ghafla kwenye bomba la chuma, kishindo kinasafiri ndani ya maji kwa zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, ndiyo sababu nyumba nzima inasikia. Kwenye bomba la plastiki kishindo ni cha polepole zaidi, na kwenye mpira wa kumwagilia bustani ni cha polepole kabisa. Ukuta ukiwa mgumu, wimbi linakimbia. Waholanzi wawili, Moens na Korteweg, waliiandikia kanuni mwaka 1878, na kanuni ileile inafanya kazi kwenye mwili wa binadamu. Kuna mashine ya kupima muda ambao pigo la moyo linachukua kutoka shingoni hadi kwenye kinena. Kwa kijana mwenye afya wimbi hukimbia kama mita 6 kwa sekunde. Likipita mita 10 kwa sekunde, madaktari huhesabu kwamba mishipa mikubwa imekakamaa. (Hiyo si kasi ya damu. Damu yenyewe inatembea polepole zaidi. Ni kasi ya mshtuko unaopita ndani yake, kama vile unavyosukuma foleni ya watu na wa mwisho akayumba kabla wewe hujapiga hatua.)

Kasi ya wimbi ina madhara yake. Wimbi likifika pembeni, kwenye matawi madogo, sehemu yake inarudi moyoni. Kwa mwenye mishipa laini linarudi wakati moyo umepumzika, na linasaidia kuusukumia moyo damu yake wenyewe, kwa sababu moyo hujilisha ukiwa umepumzika. Kwa mwenye mishipa migumu linarudi mapema, moyo ukiwa bado unasukuma, kama mlango unaofungwa usoni. Misuli ya moyo inanenepa kwa kupigana nalo. Na kishindo ambacho aota ilipaswa kukinywa kinafika kizimakizima kwenye ubongo na figo, ambako mishipa midogo imezoea kupokea damu nyingi bila kizuizi. Ndiyo maana mwenye presha anapooza, na ndiyo maana figo zinakufa kimyakimya.

Sasa vidole vya Mama vinaingiaje hapa?

Neno lenyewe lilitusumbua chumbani kwa daktari. Alilisema kwa Kiingereza, inflammation, Mama akauliza ni nini. Akasema "uvimbe", Mama akashtuka, kwa sababu kwetu uvimbe ni kitu cha kukatwa na kupelekwa maabara. Kamusi zina neno mchochota, na nalipenda, ingawa sijawahi kulisikia kwenye matatu. Mchochota ni kile kinachotokea ukikatwa na sufuria: pale pekundu, pamevimba, pana joto, panauma. Mrumi Celsus aliziorodhesha dalili hizo nne karibu miaka 2,000 iliyopita. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha, ndiyo maana daktari alitumia mgongo wa mkono kutafuta joto. Mchochota wa kidonda ni rafiki. Seli nyeupe zinakuja, zinapigana, zinasafisha, zinaondoka. Shida ni ule usioondoka. Baridi yabisi ya Mama haikuwa ya uzee wa viungo peke yake kama tulivyodhani. Ni ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka.

Na vidole havina ukuta wa kuvitenga na sehemu nyingine za mwili. Seli zinazopigana kwenye vifundo zinatoa kemikali za kuitana, mojawapo inaitwa intalukini-6, nyingine TNF, na kemikali hizo zinaingia kwenye damu. Ini likiipata intalukini-6 linatengeneza protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. CRP ndiyo inayopimwa maabara. Kwa wenye afya, kipimo makini cha chini ya miligramu 1 kwa lita ni kizuri kwa moyo, na juu ya 3 ni hatari zaidi. Ikipita 10, mara nyingi kuna maambukizi au ugonjwa unaowaka mahali. Ya Mama ilirudi 31.

Damu hiyo yenye kemikali za vita ndiyo inayopita kwenye aota kila sekunde. Ukuta wa mshipa una utando mwembamba kwa ndani, safu moja tu ya seli, na utando huo hutoa gesi ya nitriki oksidi inayouambia msuli wa ukuta ulegee. Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi huo. Mchochota ukiwa mwingi, gesi inapungua, ukuta unakaza. Seli nyeupe zinashika kwenye utando na kupenya. Zinatoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za elastini, ambazo ndizo mpira wenyewe, na mwili unaziba kwa kolajeni, ambayo ni kama kamba ya katani: imara, haitanuki. Elastini nyingi tunayo tangu tumboni na utotoni, mtu mzima karibu hatengenezi tena. Moyo unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Kwa miaka 68 mpira ule umetanuka na kurudi zaidi ya mara bilioni mbili. Hata bila mchochota ungechoka. Ukiongeza mchochota, ni kama kuumwagia mpira petroli huku unautumia.

Presha nayo inauchochea mchochota. Ukuta unaovutwa kwa nguvu kila pigo huumia, na utando ulioumia huita seli nyeupe. Kwa hiyo presha inaleta mchochota, mchochota unakakamaza mshipa, mshipa mgumu unapandisha presha ya juu. Nimewahi kuona bomba la zamani la chuma Makongeni lenye kutu ndani: kutu inabana njia, maji yanapita kwa kasi, kasi inang'oa kutu, kutu inaziba mbele. Huwezi kusema kipi kilianza.

Kuna majaribio yaliyonifanya niamini kwamba haya si maneno ya kubahatisha. Athens, mwaka 2005, watafiti waliwachoma watu wazima wenye afya chanjo ya homa ya matumbo, ambayo huamsha mchochota kidogo mwilini kwa muda. Saa chache baadaye wimbi la pigo lilikuwa likikimbia haraka zaidi. Watu wazima, wenye afya, kwa saa chache tu. Mwaka uohuo Dublin walipima watu wenye presha ambao hawakuwa wameanza dawa, wakakuta kadiri CRP na wenzake walivyokuwa juu, ndivyo mishipa ilivyokuwa migumu. Cambridge waliwafuata wagonjwa wa baridi yabisi kama ya Mama: mishipa yao ilikuwa migumu kuliko ya wenzao, na walipopewa dawa ya kuizuia TNF, ikalegea kiasi. Na Atlanta, mwaka 2007, Guzik na Harrison waliwapa panya homoni ya kupandisha presha. Panya waliozaliwa bila seli fulani za kinga hawakupanda sana. Walipowekewa seli hizo aina ya T, presha ikapanda. Hapo nilifunga simu nikakaa kimya kitandani. Kinga ya mwili inashiriki kupandisha presha. Miaka yote hiyo nilidhani ni chumvi na mawazo.

Basi ukiyasoma haya utasema, kama nilivyosema mimi, kwamba Mama anywe dawa za kutuliza mchochota na mambo yaishe. Lakini alikuwa akizinywa. Diklofenaki ni dawa ya mchochota. Hapa ndipo nataka kila mwenye mzazi mwenye presha na magoti asome polepole.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo zinaleta maumivu kwenye kidole, lakini kwenye figo zina kazi nyingine: zinaiachia figo njia ya damu wazi na kuisaidia kutoa chumvi. Ukizizuia, figo inashikilia chumvi na maji, presha inapanda. Zaidi ya hapo, dawa hizi zinapunguza nguvu za losartani na za haidroklorothiazidi, ambazo ndizo hasa Mama alikuwa nazo. Na zote tatu zikikutana, yaani losartani, ya kupunguza maji na diklofenaki, figo inaweza kuumia ghafla, hasa kwa mzee, hasa akiharisha au akikosa maji. Mama alikuwa akimeza diklofenaki mbili kila siku, na Julai kukiwa na baridi, kijana wa duka la dawa alimwambia, "Mathe, hii ya sindano ndiyo itakusaidia." Miaka miwili kliniki ilikuwa ikiongeza dawa ya kushusha, na duka la dawa likiuza ya kupandisha, mita 200 kati yao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwovu. Hakuna aliyeuliza swali moja la leso. Hilo bado linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu dawa hizo nilikuwa nikimnunulia mimi.

Daktari alizisimamisha siku hiyohiyo, akaagiza kipimo cha figo. Tulisubiri matokeo siku mbili ambazo sitaki kuzieleza. Figo zilikuwa zimeshuka kidogo, si vibaya. Akamwacha na losartani, akaiondoa ile ya maji, akaweka amlodipini. Aliniambia kuhusu utafiti uliofanywa nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, uliotoka mwaka 2019 kwa jina CREOLE: kwa Waafrika weusi wenye presha, michanganyiko yenye amlodipini ilishusha zaidi kuliko ule usio nayo. Nilifurahi kusikia kwamba mara moja swali liliulizwa kwetu.

Kwa vidole alimtuma kwa daktari wa viungo, ambaye alimwanzishia methotreksati. Hii nayo ina jambo lake la kushika kwa mikono miwili. Humezwa mara moja kwa wiki. Si kwa siku. Mtu akiimeza kila siku kwa kukosea inaweza kumuua. Tulichora duara jekundu kwenye kila Jumapili ya kalenda, na mimi ndiye ninayeitoa kwenye pakiti. Siku nyingine ana foliki asidi, na damu yake hupimwa mara kwa mara kwa ajili ya ini na chembe za damu.

Wiki tatu za kwanza bila diklofenaki zilikuwa mbaya. Mama alilia usiku, na si mtu wa kulia. Methotreksati huchukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kazi. Niliuliza kama anywe paracetamol kwa wingi, nikaambiwa kidogo, siku mbaya tu: huko Edinburgh mwaka 2022 walikuta hata hiyo, gramu 4 kila siku, inapandisha presha ya juu kwa karibu pointi 5 kwa wenye presha. Kwa hiyo nilikuwa nikiamka saa kumi na moja, namfungulia thamosi, nampa beseni la maji ya moto aweke mikono, tunakaa jikoni mpaka kupambazuke.

Nisije nikaeleweka vibaya, kwamba kila mwenye presha akatafute methotreksati. Walijaribu. Mwaka 2019 utafiti mmoja mkubwa uliwapa dawa hiyo watu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo ambao hawana baridi yabisi, na haikuwasaidia, hata CRP haikushuka. Miaka miwili kabla, utafiti mwingine wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo ulitumia sindano ya kuzuia kemikali moja tu ya mchochota. Mshtuko, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15 kwa kipimo cha miligramu 150, bila kolesteroli kuguswa. Lakini maambukizi yanayoua yaliongezeka, presha yenyewe haikushuka, na bei ya sindano hiyo hakuna wa Umoja anayeiweza. Kwa hiyo mchochota ni kweli, na kuutibu kwa dawa bado ni kazi ya wataalamu kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mama anatibiwa vidole kwa sababu ya vidole. Mishipa inapata faida yake humohumo.

Kwa sisi wengine, mchochota wa chinichini unatoka mahali ambapo tunapajua. Kitambi, kwa mfano: mafuta ya tumbo hayakai bure, yanatoa intalukini-6 yenyewe. Fizi zinazotoka damu. Sigara. Moshi, na hapa Nairobi moshi hauhitaji sigara. Simama kituo cha Donholm saa kumi na mbili jioni. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, na hapo umehesabu ile iliyo kwenye mkate na kwenye chipsi. Kutembea kunalegeza mishipa kiasi hata uzeeni. Siku hizi Mama hutembea hadi sokoni na kurudi, bila kreti.

Nimeshapima yangu pia. 134 kwa 86, miaka 44. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Mimi nilikuwa kwenye hiyo nusu, na nilikuwa nikimpeleka Mama kliniki kila mwezi.

Kileleshwa nilimaliza kwa dakika 40. Nilinunua mpira mpya River Road, nikafungua boliti sita, nikatoa ule uliochanika, mweusi na mkavu, umepoteza utelezi wote, nikaweka mpya, nikajaza hewa, sindano ikatulia kwenye 3. Ule mpira wa zamani niliuweka kwenye gari badala ya kuutupa. Nilimwonyesha Mama. Aliuvuta kwa vidole vyake vibaya akauachilia, haukurudi.

Tumenunua mashine ya kupimia nyumbani. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya dawa, Mama anakaa dakika tano mgongo ukiwa umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza, kimya, na mimi naandika kwenye daftari. Safu tatu: ya juu, ya chini, tofauti. Mwezi wa tatu mwaka jana tofauti ilikuwa 94. Mwezi wa sita, 81. Septemba ilipanda tena hadi 88 alipopata homa ya mafua mabaya, kisha ikashuka.

Jumapili iliyopita mashine ilisema 148 kwa 78. Nilikuwa bado natafuta kalamu. Mama, ambaye Marikiti hakuwahi kutumia kikokotoo, akasema "sabini" kabla sijafungua daftari, akavuta thamosi upande wake, akazungusha kifuniko kikafunguka, akatumiminia chai sote wawili.